Shangazi Sange na Majaketi ya Mvua

To!

Mmesikia?

— Tumesikia!

Tone moja, usiku, na kote kimya. Limeanguka wapi?

— Limeanguka kwako!

Aa, kwangu halikuanguka. Limeanguka puani kwa Sange. Nimwamshe, nisimwamshe?

— Mwamshe!

Haya, ameamka. Sogeeni karibu. Anayeogopa kulowa akae katikati.

Sange ni mnyama mdogo. Mwili wake wa panya, miguu yake ya kurukia, na pua yake ndefu kama mkonga wa tembo aliyekata tamaa ya kukua. Alikaa chini ya Mlima Kwebondo, ndani ya lundo la majani makavu. Tone lilipomwangukia puani aliketi, akanusa, akajua kuwa masika yameingia. Hakulala tena mpaka asubuhi.

Upande wa pili wa mlima, kaka yake alikuwa amepata mtoto, na mtoto yule hakuwa na jina. Kwao, jina la mtoto ni kazi ya shangazi. Shangazi hulichagua, hulibeba moyoni, huvuka nalo mlima, huingia nyumbani na kulitamka kwa mara ya kwanza sikioni mwa mtoto. Kabla ya hapo halisemwi kwa yeyote, hata kwa mume.

Lakini kuna sharti. Anayetaja jina lazima aingie mkavu. Jina lililolowa halishiki, na lililoingia kavu hushika, awe amelileta nani. Mlangoni husimama mama wa mtoto. Mgeni huvua alichovaa, na mama humpitishia kiganja mgongoni. Kiganja kikitoka kikavu, karibu ndani. Kikitoka na maji, rudi ulikotoka.

Sange alikwisha kwenda mara moja, wakati wa mvua za rasharasha, kajifunika jani la mgomba. Alifika anachuruzika. Wifi yake akampitishia kiganja, akakitazama kile kiganja, akasema, "Wifi, nakupenda. Lakini aliyekuja si wewe, umekuja mto. Rudi."

Akarudi.

Sasa, mtoto wa sange hukua kama uyoga. Leo kafumba macho, kesho anatambaa. Na akishavuka kizingiti kwa miguu yake mwenyewe bila jina, basi yeyote aliye nje akimwita, alilomwita ndilo jina lake mpaka kufa. Kijijini kule yuko mzee mmoja, mtu wa heshima, wajukuu tele. Anaitwa Toka-Hapa. Alivuka kizingiti siku mbaya.

"Mtoto wa kaka yangu haitwi Toka-Hapa," alisema Sange. "Nikatafute jaketi la mvua."

Kulipokucha akashika njia ya gulioni, tiki-tiki-tiki, na mzigo wa uyoga mkavu kichwani.

Gulioni muuza mitumba alikuwa Kunguru. Alikuwa amekata kamba za robota jipya na anarukaruka juu ya lundo.

"Kwa-kwa-kwa! Inama uchague! Robota la leo, mali safi! Mama pua ndefu, karibu, usiogope kuinama, wewe uko chini tayari!"

"Sitaki maneno, Kunguru. Nataka jaketi la kupandia mlima kwenye mvua."

"Yote ni ya mvua."

"Nitayauliza yenyewe," alisema Sange.

Akaanza kazi. Aliokota jani la gimbi lililojaa umande, akamwaga maji kwenye bega la jaketi la kwanza. Maji yakanywewa, fyo! Akaliweka kando. Akamwaga kwenye la pili. Maji yakasimama kidogo, yakafikiri, kisha yakanywewa. Akaliweka kando. La tatu aliligeuza ndani nje, akakuta utando wake unabanduka vipande vipande kama ukoko wa wali. Akaliweka kando.

Chini kabisa ya lundo akavuta jaketi moja la rangi ya udongo. Lilikuwa limechujuka. Kiwiko kimoja kilikuwa na kiraka. Akamwaga maji begani: yakakusanyika kuwa shanga, yakaviringika, yakaanguka chini, bega likabaki kama halikuguswa. Akaligeuza. Kila mshono, ndani, ulikuwa umezibwa kwa utepe, na utepe umeshika. Akavuta zipu: ilikuwa na kifuniko chake cha kitambaa. Akavaa kofia yake, akageuza kichwa kushoto na kulia: kofia ikamfuata, na ukingo wake wa mbele ukaizuia mvua isimwingie machoni. Chini ya kwapa kulikuwa na zipu nyingine ndogo za kutolea joto. Mabegani, pale kamba za mzigo zinaposugua, kitambaa kilikuwa maradufu.

Msiniulize jaketi moja linaweza vipi kumtosha mdogo na mkubwa. Katika ngano nguo hutosha.

— Inatosha!

Moyo wa Sange ulikuwa tayari umelivaa. Ndipo akasikia: bwata! bwata! bwata!

Alikuwa Nyani. Nyani dume, kifua kama pipa, mikono mirefu ya kufikia vya wenzake. Nyani hakuwa na mazoea ya kuchagua kitu. Aliangalia mwenzake kashika nini, akachukua hicho.

"Kapua!" aliita. "Nasikia huko ng'ambo kuna mtoto wa kutajwa jina. Na nasikia anayetaja jina ndiye anayekula chungu cha kwanza cha kumbikumbi. Kweli si kweli?"

"Kweli, bwana mkubwa. Lakini jina ni la shangazi."

"Jina ni la aliyefika mkavu. Nimeuliza watu. Leo navuka mimi."

"Na utamwitaje mtoto wa watu?"

Nyani akajikuna. "Mfuniko."

"Mfuniko!"

"Nikishasema Mfuniko, mfuniko unafunuliwa, nakula. Sitaki maneno marefu."

Sange aliona mbele ya macho yake mtoto wa kaka yake, mtu mzima, ana ndevu, anaitwa Mfuniko barazani. Akalikalia lile jaketi la udongo, akanyoosha mkono, akanyakua jaketi jekundu la mpira, nene, linang'aa kama limepakwa mafuta. Akalikumbatia. Akafunga macho.

"Jamani, nimelipata," alisema. "Sasa hata mvua ije na mamaye."

"Cha mkubwa ni cha mkubwa," alisema Nyani. "Nipe!"

"Chukua, bwana mkubwa."

Nyani akachukua. Sange akashika jingine, jaketi jeupe lililojazwa pamba, limetuna kama mkate. Akalikumbatia pia, akalilaza shavuni.

"Cha mkubwa ni cha mkubwa. Nipe!"

"Chukua, bwana mkubwa."

Nyani akachukua na hilo. Kisha Sange akasimama, akainua lile la udongo kwa ncha za vidole, na uso wa mtu aliyewekewa kiporo cha juzi.

Nyani alicheka mpaka akashika mbavu. "Hilo dekio baki nalo, Kapua. Utapigia deki mlima."

"Na malipo?" aliuliza Kunguru. "Wewe mzee, malipo yangu?"

Nyani akamwonyesha meno. Kunguru akayahesabu yale meno kuwa ni malipo, akaruka juu ya lundo. Sange alilipa uyoga wake wote, akavaa jaketi lake, akashika njia.

Wakaanza kupanda. Nyani mbele: bwata! bwata! Sange nyuma: tiki-tiki-tiki. Na mvua juu yao: chwaaa!

Mvua iligonga mpira wa Nyani, ikarudi ilikotoka. Nyani akafurahi, akaongeza mwendo. Mlima ukainuka, Nyani akaongeza tena mwendo. Mpira ule haukuingiza maji, haukuingiza hewa, wala haukuwa na pa kutolea joto. Ndani yake Nyani akaanza kuiva. Fu-fu-fu! Jasho shingoni. Fu-fu-fu! Jasho mgongoni. Sange nyuma alifungua zipu za kwapa, akapanda polepole, akinusa hewa.

Walipofika chini ya jiwe kubwa la kupumzikia, Nyani alifungua kifungo cha juu, mvuke ukatoka kama sufuria imefunuliwa. Akafungua cha chini, maji yakamwagika: bwa!

"Kapua! Mvua imenipenya wapi?"

"Haikupenya, bwana mkubwa. Hayo ni ya kwako mwenyewe."

Nyani akalivua lile jekundu, akamtwisha Sange. "Nibebee hili. Sina haja nalo, lakini ni langu." Akavaa lile la pamba. "Na jina lenyewe ulilolibeba ni nani? Hebu nisikie."

"Halisemwi mvuani."

"Bora Mfuniko," alisema Nyani, akaenda.

Bwata! bwata! Tiki-tiki-tiki. Chwaaa!

Jaketi la pamba lilikuwa laini, na lilikuwa na joto, na lilikuwa na kiu. Likanywa mvua ya mabegani. Likanywa mvua ya mgongoni. Likanywa, likanywa, likashuka mpaka magotini kwa uzito. Nyani akawa anatembea kama amembeba nyani mwingine. Mikono yake iliburuzika matopeni. Kila akipiga hatua, jaketi lilisema: chubwi! Kila akisimama, liliendelea kusema lenyewe: chubwi, chubwi.

Wakaingia pangoni, karibu na kilele. Pango lile wasafiri huacha kuni kavu kwa ajili ya watakaofuata, na juzi yake mtu alikuwa ameacha za kutosha. Nyani alitupa jaketi la pamba chini, likaanguka kama maiti. Alikuwa amelowa kuanzia utosini hadi mkiani, manyoya yamemganda, meno yanagongana. Akamtazama Sange. Sange alikuwa mkavu kama unga.

Nyani akatazama jaketi la rangi ya udongo. Akalitazama tena.

"Cha mkubwa ni cha mkubwa," alisema polepole. "Nipe."

Sasa hapo, ndugu zangu, Sange alitazama huku na huku. Hakuna pa kukimbilia, na mkono mmoja wa Nyani ulitosha kuziba mlango wa pango. Kama angekataa, angenyang'anywa na kupigwa. Akashusha zipu taratibu, na akili yake ikawa inakimbia kuliko miguu.

"Chukua, bwana mkubwa," alisema. "Ila nakuambia la haki. Usilivae sasa. Umelowa. Washa moto, uote, ukauke kwanza mpaka ngozi. Ndipo uvae."

Nyani akakunja uso. Akafikiri. Kufikiri kwa Nyani kulionekana kwa nje, masikio yalikuwa yanacheza.

"Sokoni ulilikumbatia jekundu," alisema, "likanipika. Ukalikumbatia la pamba, likanizamisha. Hili ukalishika kwa ncha za vidole, kumbe ndilo lenyewe! Sasa unaniambia nikauke. Wewe ukisema nikauke, maana yake nisikauke! Unataka nikae hapa niote moto, wewe utangulie!"

"Haki ya Mungu, bwana mkubwa, kauka."

"Anasisitiza!" Nyani alipiga kelele kwa furaha. "Umeisikia hiyo? Anasisitiza!"

Akavaa jaketi la udongo juu ya manyoya yake yanayotiririka. Akavuta zipu mpaka kidevuni. Akafunga za kwapa. Akakaza kamba za mikono, akavuta kofia, asiache hata upenyo wa kuingiza ukucha. Akatoka: bwata! bwata! bwata!

Sange alikuwa amesema kweli tupu. Gulioni alimnasa Nyani kwa hila, na pangoni kweli ndiyo iliyofanya kazi. Jaketi zuri huzuia maji kupita. Yaliyoko nje hubaki nje, na yaliyoko ndani nayo hubaki ndani.

Akageukia yale mawili yaliyobaki. La pamba lilikuwa bado linanywa, sasa linanywa sakafu ya pango. Jekundu alilikunjua. Ndani lilikuwa limejaa jasho la Nyani, na harufu yake. Lakini mpira haunywi. Akalipangusa kwa majani makavu ya pangoni, akalipangusa tena, akawasha zile kuni, akalianika upande wa ndani ukitazama moto, mpaka likawa kavu kama sahani. Akalivaa. Akaacha vifungo vya juu wazi, joto lipate pa kutokea. Akatoka.

Kutoka pale njia ilikuwa ya kuteremka. Na hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko popote, kwa sababu alitaka kukimbia. Nyani yuko mbele, mtoto anatambaa, na mteremko unamsukuma mgongoni: nenda, nenda! Lakini Sange alijua anachokivaa. Ukikimbia utatoka jasho. Ukitoka jasho utalowa. Ukilowa, Mfuniko. Basi akateremka kama bibi harusi. Tiki. Tiki. Tiki. Pua yake ilitetemeka kwa haraka, miguu yake ikaikatalia.

Ng'ambo, giza likiingia, Nyani alifika mlangoni.

"Hodi! Nimeleta jina! Pakueni!"

Wifi yake Sange alitoka, mtoto akimshika upindo wa kanga. Akamtazama mgeni juu mpaka chini.

"Karibu, baba. Vua jaketi."

Nyani akashusha zipu. Mvuke ukatoka, bwaa, ukamfunika Wifi uso. Maji yakashuka kwa Nyani kutoka kila unyoya, yakafanya dimbwi, na dimbwi likaanza safari ya kuelekea jikoni. Wifi hakuhitaji kiganja, lakini sharti ni sharti. Akakipitisha mgongoni. Akakikung'uta.

"Hukufika mkavu, baba."

"Haiwezekani! Jaketi hili halipitishi maji!"

"Naona. Hata yaliyotaka kutoka limeyakatalia."

Nyani akang'aka, akapiga kifua, kifua kikalia chubwi. Wifi hakuondoka mlangoni. Basi Nyani akakaa nje, pembeni ya kizingiti, mvuani, macho kwa mtoto.

"Nitangoja," alisema. "Atavuka tu. Akivuka, namwita. Naijua sheria."

Wifi akabadilika rangi, maana sheria ilikuwa hivyo. Wala mama haruhusiwi kumzuia mtoto anayetaka kutoka. Na yule mtoto, kwa vile watoto ni watoto, alikuwa amemwona nyani kwa mara ya kwanza maishani, akapenda. Akaachia kanga. Akasogea. Pua ikatokeza nje. Akasogea. Mguu mmoja ukapanda juu ya kizingiti.

Tiki. Tiki. Tiki.

"Wifi!" aliita mama wa mtoto. "Wifi, ruka!"

"Siruki," alisema Sange. "Nikiruka nalowa."

Akafika. Akavua jekundu. Akageuza mgongo.

"Leo hukuja mto?" aliuliza Wifi.

"Pitisha mkono, wifi, utani baadaye!"

Kiganja kikapita mgongoni. Mtoto akapandisha mguu wa pili. Nyani akajaza kifua pumzi, akafungua kinywa.

"Mfu..." alianza. "Mfu... mfu..." Lakini baridi ya mlima mzima ilikuwa imemkalia kifuani, na ikachagua wakati huo kutoka. "CHYAAA!"

Akapiga chafya mpaka akaanguka chali. Wifi akainua kiganja chake juu, mbele ya taa, kila mtu akione. Kilikuwa kikavu.

Sange akaruka sasa, kuruka kwenyewe, akampita Nyani, akamdaka mtoto pale pale juu ya kizingiti, akamwinamia, pua yake ndefu ikagusa sikio dogo...

— Akasemaje?

Ngojeni. Kwanza mchukue funzo.

— Jina!

Funzo kwanza. Ninyi mnaopanda milima wakati wa masika, sikilizeni. Chagueni jaketi linalong'aa, maana mvua huogopa rangi nyekundu. Msiligeuze ndani kutazama mishono, ni utovu wa adabu. Msilimwagie maji, litaona hamliamini. Zipu za kwapani ni uchafu. Mkishalowa chapachapa, vaeni haraka jaketi zuri juu yake, mfunge mpaka kidevuni. Na mkubwa akitaka nguo zenu, msimpe kamwe.

— Uongo!

Kama ni uongo, mkamwulize Nyani. Yuko pale nje bado anapiga chafya, na chungu hakukionja. Ngano yangu nimeianika hapa kambani. Atakayeikuta mbichi aikamue, atakayeikuta kavu aivae aende nayo kwao.

— Jina! Jina! Jina!

Basi nyamazeni, mtoto asikie. Shangazi akavuta pumzi, akalitoa lile alilolibeba tangu mvua za kwanza, akamwambia sikioni:

"Kianga."